Spika ya Kushoto

Ijumaa, Wadi Kabir, saa moja asubuhi,
na jua tayari lina kiburi.
Nimeibeba spika ndani ya gunia la mchele wa basmati,
ile ya kulia, iliyosalia nzima.
Ya kushoto mjukuu kaitia kidole
kwenye kile kikuba chembamba cha juu,
kikabonyea, kikanyamaza.

Kampuni imeacha kuzitengeneza
tangu mwanangu Ghassan yuko chekechea.
Leo Ghassan ana ndevu na mkopo wa gari.

"Hii iko aina tatu," akasema fundi Mundhir,
na kwa hilo "iko" moja tu nikamjua:
si wa Unguja huyu, wa Bujumbura.
Nikamwambia, "Nnamtafutia mwenziwe,"
naye akacheka, "Kisiwani hiyo, mama,"
akafuta vumbi la kiti kwa kiganja.

Akazipanga juu ya zulia, tano, sita,
zote nyeusi, uso mmoja, jina moja.
"Usitazame uso. Uso wanautunza.
Tazama mgongo."
Akazigeuza.

Hii ya mwanzo: waya unakazwa kwa skrubu,
kofia nyekundu, kofia nyeusi,
matundu mawili ya kutundikia,
na ukiipakata unajua umepakata kitu.
Hii ya pili: skrubu zimekwenda,
vimekuja vibanio vya kubonyeza,
tundu moja, na uzito umepungua
kama mtu aliyemaliza sita za Shawali.
Ya tatu hakuigeuza hata.
"Nembo ya kuchapwa. Sumaku kama kifungo cha kanzu.
Hiyo usichukue hata kwa baisa mia."

Yangu ilikuwa ya mwanzo.
"Na iliyoharibika?"
Nikampigia Ghassan, akajibu kwa Kiarabu,
akanung'unika, akapanda ngazi, akatuma picha.
Tukainamia simu wote wawili.

Vibanio.

"Mama," Mundhir akasema polepole,
"zenu hizi hazikuwa pacha."

Miaka kumi na minane nimezipangusa vumbi!
Kila Ramadhani, kwa kitambaa kile kile,
nikifika kulia, nikifika kushoto,
wala mkono wangu haukuniambia kitu.

Akaunganisha moja, kisha nyingine.
Ya mwanzo ilizungumza kama mtu aliyeshiba.
Ya pili ilipasua, kali, ya puani,
shangazi anayeita watoto kutoka upande wa pili wa mtaa.
Na mimi nikamwona Thabit
kwenye pembe yake ya kochi, pembe ile ile,
miaka ishirini na sita ya majenereta ya Fahud
imemla sikio la kushoto.
Nilikuwa nikimgombeza:
mbona upande huu unapiga kelele?
Akinijibu, "Ndivyo ilivyo,"
na macho yake hayatoki kwenye sinema.

Alikwenda lini kuibadilisha?
Alimwambia nani? Alilipa ngapi?
Mimi nilidhani hasikii, basi.
Sikujua kama alijishonea sauti
kama mtu anayeongeza kiraka ndani ya joho,
mahali pasipoonekana.

Rafuni zilikuwapo zote mbili.
Ya mwanzo, mwenza wa kweli wa hii yangu,
riyali kumi na mbili.
Ya pili, riyali sita.
"Chukua ya mwanzo," Mundhir akanishauri, na alisema haki.
"Nyumba itasikia sawasawa."

Nikasema, iwashe tena ile kali.
Nikaziba sikio la kushoto kwa kidole,
mbele ya Wabaluchi wanaouza mafeni,
mbele ya mtoto mwenye juisi ya embe,
nikasikiliza.

Kisha nikamwambia, riyali nne.
Akasema tano na nusu.
Nikasema nne, na gunia hili la mchele ubaki nalo.